Kupima si kuhesabu

Kuna kanuni moja ndani ya kiwango cha kimataifa cha lugha ya SystemVerilog ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko baadhi ya riwaya nilizonazo kabatini. Haina tamathali ya semi hata moja, na walioiandika hawakuwa wakinifikiria mimi, mwandishi wa habari wa Mbeya niliyesomea lugha chuoni na kuishia kuandika bei za viazi na ajali za mlima Iwambi. Kwa maneno yangu, inasema hivi: alama fulani zinazounganisha masharti hazitakokotoa upande wa pili endapo jibu limeshajulikana upande wa kwanza. Na kama ule upande ulioachwa ulikuwa na jambo lingine la kufanya pembeni, jambo hilo halitafanyika.

Basi, ni hiyo tu.

Najua mmezoea kuja hapa kusoma habari za vitabu, na wengine mmeshaanza kujiuliza huyu dada leo amekula nini. Nivumilieni kidogo. Hii ni habari ya maneno, na ya gharama anayolipa mtu pale maneno yanapoachwa bila kufafanuliwa. Kwetu gharama hiyo ilikuwa kazi ya baba, na urafiki wake na mtu mmoja.

Tuanze na lugha zenyewe. Ndani ya simu yako kuna chipu, na ndani ya chipu kuna sakiti nyingi mno kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuzichora kwa mkono. Kwa hiyo wahandisi huziandika. Wanatumia lugha za kuelezea maunzi, ambazo maarufu ni mbili. VHDL ilitokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikawa kiwango cha IEEE mwaka 1987. Verilog ilianzia kwenye kampuni binafsi, Gateway Design Automation, kati ya 1983 na 1984, ikawa kiwango mwaka 1995. SystemVerilog ni Verilog iliyokua: kiwango chake cha kwanza kilitoka 2005, na mwaka 2009 ikaimeza Verilog yenyewe, zikawa kitabu kimoja.

Tofauti ya lugha hizi na zile za kuandikia programu za kawaida inafanana na tofauti ya mapishi na ramani ya nyumba. Mapishi yanakuambia kata kitunguu, kisha weka mafuta, kisha nyanya. Ramani haina kisha. Jiko lipo, sebule ipo, choo kipo, vyote kwa pamoja, hata kama hakuna mtu ndani. Anayeandika Verilog anaeleza kitu kilivyo, na sehemu zake zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Lakini ndani ya ramani hizo kuna vipande vinavyosomeka kama mapishi. Kimojawapo huitwa fankisheni. Unaipa kitu, inakurudishia kitu. Fikiria mashine ya kusaga pale Soweto au Mwanjelwa: unampa mwenye mashine mahindi, anakurudishia unga. Hiyo ndiyo fankisheni safi. Sasa chukulia kwamba kila akikusagia, bila kukuambia, anaandika jina lako kwenye daftari la madeni la duka la jirani. Unga umepata, tena mzuri. Lakini kuna kitu kingine kimeguswa, kipo nje ya mashine, na wewe hukujua. Hilo ndilo jambo la pembeni, na wahandisi wamelizungumza kwa miaka mingi.

VHDL ilichukua njia ya kutangaza. Toleo la mwaka 1993 lilileta maneno mawili ya kuweka mbele ya fankisheni: safi, na isiyo safi. Iliyo safi, ukiipa vitu vilevile inarudisha jibu lilelile siku zote, na haina ruhusa ya kugusa kitu cha nje. Usiposema lolote, inahesabiwa kuwa safi. Na iliyo safi haiwezi kuiita isiyo safi, kwa sababu uchafu ungepita mlango wa nyuma. Wazee wetu walishalisema kwa mfano wa samaki mmoja akioza.

Verilog ilikuwa na moyo mwepesi zaidi. Ilikataza fankisheni kusubiri muda, yaani ilitakiwa imalize palepale ilipoitwa. Lakini haikuikataza kuandika kwenye kigeu kilichopo nje yake, wala haikudai itangaze. Halafu kitabu chake kikaongeza jambo la pili: kama jibu la usemi linaweza kujulikana mapema, si lazima usemi wote ukokotolewe. Maneno "si lazima" yanasikika kama upole. Maana yake lakini ni kwamba mtengenezaji mmoja wa programu za kuigia sakiti angeweza kuukokotoa wote, mwingine akauacha nusu, na wote wawili wakawa wamekitii kitabu.

Fankisheni zikiwa safi, hakuna tatizo. Upande ulioachwa haukuwa na la kufanya zaidi ya kujibu. Zisipokuwa safi, una sentensi moja yenye maana mbili, na maana unayoipata inategemea nani ameisoma.

Mdogo wangu aliposoma hayo alikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Alinipigia simu usiku, na kwa kawaida yeye hapigi. Hutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne ninaousikiliza huku napika.

"Dada, hivi *side effect* kwa Kiswahili ni nini?"

Nikamwambia inategemea unaongea na nani. Ukienda zahanati utasikia madhara ya dawa. Lakini madhara ni ubaya tayari, na jambo la pembeni si lazima liwe baya. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya uzazi wa mpango utasikia nesi akisema maudhi madogo madogo, maneno ninayoyapenda kwa jinsi yanavyompunguzia mtu hofu: utachefuchefu kidogo, kichwa kidogo, yatapita. Lakini sakiti haichefuki. Tukabaki na athari, neno ambalo halijaamua kama ni zuri au baya, tukaliongezea pembeni. Athari za pembeni.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kumweleza baba."

Hapo ndipo nikaanza kusikiliza vizuri.

Mradi wake ulikuwa sakiti ya kupokelea mahindi ghalani. Gunia linakuja, kitambuzi kinaangalia kama mahindi yamekauka, mizani inalipima, kaunta inaongeza moja. Alikuwa ameandika fankisheni aliyoiita pima. Inarudisha kilo. Lakini kwa kuwa aliona kila gunia linalopimwa ni gunia lililopokelewa, akaiagiza hiyohiyo pima iongeze moja kwenye kaunta iliyopo nje. Kisha akaandika sharti: kama mahindi yamekauka NA pima imesoma zaidi ya sifuri, washa taa ya kijani.

Akatengeneza majaribio ya magunia 40, sita kati yake yakiwa mabichi. Kwenye kompyuta ya maabara kaunta ilisoma 34. Kwenye kompyuta yake mwenyewe, aliyokuwa ameweka programu nyingine ya zamani ya kuigia, ikasoma 40. Maandishi yalikuwa yaleyale, hata nukta haikubadilika.

Programu ya maabara ilisoma "mahindi hayajakauka" na kuishia hapo. Kama hayajakauka, taa haiwaki kwa vyovyote, kwa hiyo kuna haja gani ya kupima? Haikuita pima, na kaunta haikuguswa. Ile ya zamani ilipima kila gunia, bichi kwa kavu, ndipo ikaangalia sharti. Taa zilikuwa sawa kwenye kompyuta zote mbili. Kaunta ndiyo ilitofautiana, na kaunta haikuwa imetajwa popote kwenye sharti.

Matoleo ya baadaye ya SystemVerilog, likiwamo la mwaka 2012, yameiondoa ile "si lazima". Yametaja alama zinazoruka upande wa pili, yakasema zitaruka, na yakasema alama zote nyingine zitakokotoa pande zote. Kisha ndiyo ikawekwa ile kanuni niliyoanza nayo: kilichorukwa, athari zake za pembeni hazitokei. Kwa hiyo 34 ndilo jibu la kitabu cha sasa. Geuza mpangilio, anza na pima kisha ukavu, nalo jibu la kitabu litakuwa 40. Waandishi hili tunalijua, kwamba ukihamisha neno unahamisha maana. Sikujua kwamba na chipu zina tabia hiyo.

"Sasa dada," akasema, "umeelewa kwa nini nataka kumweleza baba? Hizo 40 na 34. Ni vitabu viwili."

Nilielewa, na nikakaa chini.

Baba alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika mkoani Iringa. Chama hicho sitakitaja. Waliokuwa viongozi wake wengi wameshatangulia na waliobaki ni wazee. Msimu wa 1998, baada ya mvua za El Niño, mahindi mengi yaliletwa yakiwa hayajakauka vizuri. Utaratibu ulikuwa huu: mkulima anafika, karani wa mizani anapima, anaandika kwenye kitabu cha mizani, anamkatia stakabadhi. Kisha gunia linakwenda mlangoni, baba anachoma mkuki wa kupimia, anatoa punje, anazing'ata. Yakiwa makavu, yanaingia na yanaandikwa kwenye kitabu cha stoo. Yakiwa mabichi, yanarudishwa nyumbani yakaanikwe. Stakabadhi inachanwa. Siku tatu baadaye gunia lilelile linarudi, linapimwa upya, linaandikwa upya.

Stakabadhi ilichanwa, lakini kitabu cha mizani hakikufutwa, kwa sababu hakuna aliyesema kifutwe. Kwa karani, kitabu chake kilikuwa kumbukumbu ya kazi ya mizani: nimepima mara ngapi. Kwa mhasibu wa chama, kilikuwa kumbukumbu ya magunia yaliyopokelewa. Kila mmoja aliona maana yake ni wazi kiasi kwamba haihitaji kuandikwa.

Mwisho wa msimu kitabu cha mizani kilizidi kitabu cha stoo kwa magunia 63. Mwenye funguo za stoo ni nani? Baba. Aliachishwa kazi, akakatwa mafao kufidia. Mimi nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni sare iliyorefushwa pindo mara mbili mwaka uliofuata, na mama kuanza kuuza vitumbua alfajiri. Mdogo wangu hakuwa amezaliwa. Yeye alikulia ndani ya hadithi hiyo kama mtu anavyokulia ndani ya nyumba yenye ufa. Hajawahi kuiona bila ufa.

Na hadithi ilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Baba aliamini karani wa mizani alikuwa akiandika magunia hewa, anagawana fedha na wakulima. Walikuwa marafiki, walitoka kijiji kimoja. Baada ya hapo hawakusalimiana tena. Mjini Iringa, ambako kila mtu unakutana naye Miyomboni wiki isiyopita, kutosalimiana na mtu kwa miaka 16 ni kazi ya kila siku. Karani alifariki mwaka 2014. Baba hakwenda msibani.

Hapo nirudi kidogo kwenye lugha yetu, maana nilipokuwa nikitafuta maneno ya kumweleza baba niligundua kitu. Kiswahili kina tabia ya kutangaza athari kwenye mwili wa kitenzi. Pima ni kitendo tu. Ukisema pimia, kuna mtu ameingia: unampimia. Ukisema pimisha, kuna aliyesababisha. Andika, andikia, andikisha. Kila silabi inayoongezwa inakuonyesha mkono mwingine ulioguswa. Walimu wetu walitufundisha minyambuliko hii kwa majedwali, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, na sikuwahi kuwaza kwamba kazi yake mojawapo ni uwazi. Kitenzi kinakwambia kabisa: mimi sitaishia hapa, kuna mwingine nitamfikia.

Lakini lugha inatangaza kile tu tunachochagua kukisema. Kwenye chama kile neno lilikuwa kupima, tupu. Hakuna aliyesema kupima na kuhesabia.

Nilipata siku mbili za mapumziko, nikapanda basi kwenda Iringa na karatasi za mdogo wangu kwenye mkoba. Mwenye kuijua njia hiyo anajua: Uyole, Igawa, Makambako ambako upepo unakupiga hata dirisha likifungwa, kisha misonobari ya Mafinga. Nikiwa Mafinga, wakati konda anagombana na muuza mahindi ya kuchoma, nikakumbuka kwamba nipo juu ya kisa kingine cha aina hiyohiyo, tena kikubwa kuliko cha kwetu.

Mto Kihansi unakusanya maji yake huku juu, nyanda za Mufindi na Kilolo, kisha unaporomoka kwenye ukingo wa Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Mporomoko huo ndio ulioleta kituo cha umeme cha Kihansi chenye megawati 180. Ukikiandika kama fankisheni ni safi kabisa: maji yanaingia, umeme unatoka. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, watafiti wakakuta korongoni chura mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga mayai, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko na hakuna kwingine duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, yaliyobaki kushuka korongoni yalikuwa karibu sehemu moja tu ya kumi. Manyunyu yakafa.

Mwaka 2000 karibu vyura 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni ikafungwa mitambo ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba porini hawapo tena. Mwaka uliofuata vyura 100 waliozaliwa Marekani wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Mtaani sisi vyura wa Kihansi tuliwageuza utani. Vyura wanapanda ndege wakati mimi sijawahi. Na mimi nilicheka. Umeme wa Kihansi unawasha taa ninayoandikia, siwezi kujifanya siuhitaji. Ninachokiona sasa ni jinsi maelezo ya kazi yanavyoweza kuwa sahihi na bado yakaacha kitu kinachoguswa nje ya maandishi. Kuacha kukiandika hakukukiondoa korongoni. Kulichelewesha tu siku ya kukiona, na siku hiyo dawa ikawa ndege na mabomba ya kunyunyizia.

Baba nilimkuta Mtwivila, nyumbani, amekaa kwenye jua la saa nne kama wazee wa Iringa wafanyavyo mwezi wa saba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kamwene. Mbona hukusema unakuja?"

Chai ilipokwisha nikamweleza. Sikutaja SystemVerilog. Nilimwambia kijana wake ametengeneza mizani ya umeme ambayo ukiiuliza uzito inaongeza pia hesabu, na kwamba kompyuta mbili zimeisoma tofauti kwa sababu kanuni ya zamani haikusema kama gunia bichi lipimwe au lirukwe. Moja imehesabu 40, nyingine 34. Hayo sita hayakuibwa na mtu.

Baba alinyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa 96, gamba limeliwa na mende. Sikuwahi kuliona. Msimu mzima wa 1998 alikuwa akiandika kivyake magunia aliyoyakataa mlangoni: tarehe, kijiji, na herufi R, ya kurudishwa. Hakulipeleka popote wakati ule, kwa sababu alichotuhumiwa ni kutoa magunia stoo, na daftari hili lilihusu magunia yaliyokuwa hayajaingia. Aliona halihusiki.

Tukahesabu pamoja, yeye akisoma, mimi nikichora vijiti vya tano tano. Zilikuwa R 61.

"Bado mawili," akasema.

"Baba, 61 kati ya 63."

"Nimesikia. Bado mawili."

Nilitaka afurahi, na sikuona furaha. Alifunga daftari, akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Kanuni hiyo, nani alitakiwa aiandike?"

Kwenye chipu jibu lipo. Kuna kamati, kuna kitabu, kitabu kikiwa na utata kinarekebishwa kwenye toleo linalofuata, na toleo lina mwaka mgongoni. Kwenye stoo ya kijiji, nani? Mhasibu hakujua kuna magunia yanayorudi. Karani hakujua kitabu chake kinasomwaje ofisini. Baba hakujua kwamba mizani inahesabu. Kila mmoja aliijua sehemu yake, na sehemu yake ilikuwa sahihi. Nilimjibu baba kwamba yeyote kati yao angeweza kuuliza. Akasema, "Ndiyo. Lakini mtu huuliza anapoona kuna swali."

Ndiyo maana ninawaheshimu watu wa viwango, ambao kazi yao inachosha kuisoma. Wao hukaa wakatafuta swali kabla halijamfikia mtu mwenye funguo. SystemVerilog, kwa mfano, ina njia moja ya kuandika sakiti inayosikiliza mabadiliko hata ndani ya fankisheni inazoziita, kwa sababu ile ya zamani ilisikiliza mlangoni tu: fankisheni ikisoma kitu cha nje ambacho hakikupitia mlangoni, kikibadilika, sakiti haiamki. Mtu aliketi akaliwaza hilo. Na hawakuzipiga marufuku athari za pembeni. Kaunta lazima iongezeke mahali fulani; bila hiyo hakuna kazi. Walichotaka ni ijulikane inaongezeka wapi, lini, na kwa idhini ya neno gani.

Mdogo wangu aliiandika upya sakiti yake. Pima sasa inarudisha kilo na haigusi kingine. Kaunta ameitoa nje, mahali pa wazi, na inaongezeka kwa mdundo wa saa pale tu gunia linapokuwa limepita mlangoni. Kompyuta zote mbili zinasoma 34. Siku ya kutetea mradi mwalimu wake alimuuliza swali moja tu, kwa nini ameweka kazi mbili zilizokuwa zinatosha kuwa moja. Alijibu kwamba kupima si kuhesabu. Ananiambia mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi, akasema inayofuata.

Jumapili ile kabla sijarudi Mbeya, baba aliniomba nimtafutie namba ya simu ya mtoto mkubwa wa marehemu karani, anayeishi upande wa Kihesa. Niliipata kwa mtu wa kanisani kwao. Nikampigia, nikampa baba simu, nikatoka nje, maana mambo mengine si ya kuandikiwa habari. Lakini kuta zetu ni nyembamba. Nilimsikia akisalimia, akijitambulisha kwa jina la ukoo na la kijiji, akiulizia afya ya mama yao. Kisha kimya kirefu. Kisha nikasikia anaeleza, taratibu, kuhusu mizani, mlango, na magunia yaliyokuwa yanarudi.

Alikuwa anamweleza hesabu yote, na hakuyaruka yale mawili.